Mgongo wa mkulima: kidonge kinanyamazisha maumivu, hakipunguzi mzigo



Kwenye kurasa hizi tunawaongeleshaka juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya migomba. Leo tunataka kuongea juu ya chombo kimoja cha kazi ambacho kila mmoja wetu anacho, hakiuzwi kwenye depo yoyote, na kikiharibika hakuna fundi wa kukibadilisha. Chombo hicho ni mgongo.

Tuanze na jambo tuliloliona kwa macho yetu. Siku moja ya kukusanya maharagi, mama mmoja alifika kwenye mizani akiwa amebeba kilo 60, kamba iko kwenye kipaji cha uso. Alikuwa ametoka mbali, ngambo ya mlima. Alipotua mzigo hakuomba hata maji. Alifungua pindo la kikwembe, akatoa kasashe kadogo, akameza vidonge vitatu mara moja. Tukamwuliza: "Mama, hii ni dawa ya nini?" Akacheka. "Mutoto wangu, hii njo jembe yangu ya pili. Bila hii siwezi fika ku shamba. Ni mwaka wa tatu nakunywa."

Miezi miwili kisha ile siku, tulipata habari kwamba mama yule amelazwa. Alikuwa ametapika damu. Kwa neema alipona, lakini jamaa iliuza mbuzi wawili kwa kulipa hospitali, na mbegu aliyokuwa ameweka kwa msimu B ikaliwa nyumbani. Msimu ule hakupanda kitu.

Na sisi tuko na neno la kuungama. Kwenye mfuko wa pikipiki yetu kulikuwa vidonge vya namna ile ile. Siku za kupakia gari tuliwagawia wabebaji ili kazi isisimame. Tulidhani tunasaidia. Kwenye shule ya kilimo tulifundishwa kupima udongo, mteremko na mvua, lakini hakuna aliyetufundisha kupima mgongo wa yule anayelima. Ndiyo sababu tulienda kuketi na muganga wa kituo cha afya, tukamwuliza maswali, tukasoma pia. Sisi si waganga. Haya tunayoandika ni ya kuwasaidia mjue namna ya kumwuliza muganga wenu, si ya kuchukua nafasi yake.

Mgongo unauma juu ya nini?

Kwanza, usidhani uko peke yako. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Hakuna ugonjwa mwingine unaozuia watu wengi hivyo kufanya kazi zao. Kwa walio wengi, hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa mkubwa uliojificha. Ni nyama, mishipa na viungo vya mgongo vilivyochoshwa na kuzidishiwa kazi.

Jaribu kitu hiki. Shika ndoo ya maji karibu na kifua. Sasa inyooshe mbele kwa mikono miwili. Ndoo ni ile ile, lakini mikono inaanza kutetemeka. Kwa mgongo iko vile vile. Ukiinama na jembe la mpini mfupi, kifua, kichwa na mikono yako vyote vinaning'inia mbele, na nyama za kiuno ndizo zinavishikilia. Zinavuta kwa nguvu inayopita mara nyingi uzito wa jembe lenyewe. Fanya hivyo saa tano kwa siku, kisha beba mfuko wa kilo 100 jioni, na kesho rudia.

Maumivu yanayodumu kupita miezi mitatu, waganga wanayaita ya kudumu. Hapo jambo linabadilika: hata nyama zikipona, mishipa ya fahamu inaweza kubaki na mazoea ya kupiga kelele. Usingizi mbaya, mawazo mengi, hofu ya vita, deni la shule ya watoto, vyote vinaongeza kelele ile. Mtu hadanganyi akisema anaumwa. Lakini dawa ya kelele ile si kuongeza vidonge kila mwaka.

Ndani ya kasashe kuna nini?

Vidonge vinavyouzwa sokoni kwa mgongo vina majina mengi na rangi nyingi, lakini karibu vyote vinatoka katika jamaa nne. Kwenye pakiti majina yameandikwa kwa Kifaransa ao Kiingereza, lakini mwanzo wa jina unabaki ule ule: diclo, ibu, indo, para, trama, dexa. Tafuta jina lile dogo lililo chini ya jina kubwa la biashara.

Jamaa ya kwanza ni parasetamoli. Kwa mtu mzima mwenye afya, kipimo cha mwisho ni gramu 4 kwa siku, ni kusema komprime 8 za miligramu 500, zikiachana saa nne hadi sita. Ukipita hapo, ini linaharibika, na linaharibika kimya, bila kuuma siku ya kwanza. Anayekunywa pombe nyingi, ao mwenye ini lililokwisha kuugua, kipimo chake ni kidogo zaidi. Muganga ndiye atamwambia.

Jamaa ya pili ni ya diklofenaki, ibuprofeni na indometasini. Hizi zinapunguza uvimbe na maumivu, na kwa siku chache zinaweza kusaidia kweli. Lakini kitu kile kinachozimwa mwilini ili maumivu yapungue ndicho pia kinacholinda ngozi ya ndani ya tumbo. Ukikizima mwezi baada ya mwezi, tumbo linabaki bila kinga, linapata kidonda, na kidonda kinaweza kutoboka ao kutoa damu. Ndiyo yaliyompata mama wa kilo 60. Jamaa hii inaumiza pia figo, zaidi sana kwa mtu anayelima kwenye jua bila kunywa maji, na inapandisha presha. Mama mwenye mimba asizimeze bila muganga, na katika miezi ya mwisho ya mimba azikatae kabisa, maana zinaweza kumdhuru mtoto.

Watu wengi wanatuambia: "Siye tunapiga sindano, haigusi tumbo." Si kweli. Dawa inafika tumboni kwa njia ya damu. Sindano ya diklofenaki inaweza kuleta kidonda sawa na komprime. Kula kabla ya kumeza ni vizuri, lakini chakula hakiondoi hatari yote.

Jamaa ya tatu ni tramadoli. Hii ni ya ukoo wa morfini. Ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, na inatakiwa kutolewa kwa ordonansi ya muganga, kwa mfano kisha operesheni ao kwa maumivu makali ya muda mfupi. Jelule ya kawaida ni miligramu 50, na mtu mzima hatakiwi kupita miligramu 400 kwa siku nzima. Kwenye masoko kunapita jelule zenye miligramu 200 na zaidi ndani ya moja. Anayemeza mbili za namna ile amefika kwenye mpaka ao ameupita, bila kujua. Tramadoli nyingi inaweza kuangusha mtu kama mwenye kifafa. Ikichanganywa na kasiksi, lotoko ao dawa za usingizi, inaweza kuzima pumzi ya mtu akiwa amelala.

Jamaa ya nne ni deksametazoni. Wauzaji wanaipenda kwa sababu inaleta nguvu ya haraka na hamu ya kula, uso unajaa, watu wanasema "amenenepa, amepona". Kujaa kule si afya. Ikitumiwa wiki nyingi inadhoofisha mifupa, inapandisha sukari na presha, inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Ikiwekwa pamoja na diklofenaki, hatari ya kidonda cha tumbo inaongezeka sana. Na ndiyo michanganyiko tunayoikuta ndani ya kasashe: diklofenaki, ibuprofeni na deksametazoni pamoja. Mnunuzi anadhani amepata dawa tatu zinazosaidiana. Kumbe amemeza mbili za jamaa moja na ya tatu inayozidisha ubaya wao.

Siku tano si miaka mitatu

Hapa ndipo moyo wa habari yetu. Hatusemi kwamba dawa za maumivu ni mbaya. Kuna siku mgongo unakamata mtu hata hawezi kuvaa viatu. Siku ile, kidonge kilichotolewa na muganga, kwa kipimo kidogo na kwa siku chache, kinamsaidia kusimama na kutembea, na kutembea ndiko kunamponesha.

Ubaya unaanza kidonge kinapobadilika kuwa ruhusa ya kubeba mzigo ule ule. Mkulima anajua jani likigeuka njano, mmea unaomba kitu. Ukilipaka jani rangi ya kijani, shamba litapendeza leo, lakini mzizi unaendelea kuoza. Maumivu ni jani la njano. Mtu anameza asubuhi, kelele inanyamaza, anabeba kilo 80 kana kwamba hakuna kitu. Jioni mgongo umeumia zaidi. Kesho anahitaji vidonge viwili.

Kwa tramadoli kuna mtego wa pili. Mwili unaizoea. Kile kilichotosha mwezi wa kwanza hakitoshi mwezi wa sita, na kwa watu wengine matumizi ya muda mrefu yanafanya mwili uhisi maumivu kwa ukali zaidi. Kisha siku mtu anapokosa feza ya kununua, anatoka jasho, anahara, hapati usingizi, mifupa yote inauma. Anasema: "Muone, mgongo yangu imerudi, ile dawa ilikuwa inanisaidia." Mara nyingi si mgongo uliorudi. Ni mwili unaodai tramadoli yake, kama mwenye deni anayepiga hodi usiku.

Waganga wamepima mambo haya. Huko Sydney, katika Australia, watafiti waliwafuata watu 347 waliokuwa na maumivu mapya ya mgongo ao shingo. Kundi moja lilipewa dawa ya ukoo wa morfini yenye nguvu kupita tramadoli, kundi lingine lilipewa kidonge kisicho na dawa ndani, bila yeyote kujua amepewa nini. Kisha wiki sita, hakukuwa na tofauti ya maumivu kati ya makundi mawili. Matokeo yale yalitangazwa mwaka 2023. Na mwezi wa Desemba mwaka ule ule, Shirika la Afya Ulimwenguni lilitoa kwa mara ya kwanza maongozi yake juu ya maumivu ya kudumu ya mgongo wa chini. Linashauri mtu afundishwe kuuelewa mgongo wake, afanye mazoezi, aendelee na shuguli zake kadiri anavyoweza. Dawa za jamaa ya diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuwa na nafasi, muganga akichunga. Dawa za ukoo wa morfini halizishauri kama matunzo ya kawaida. Hata ile mishipi ya kufunga kiuno inayouzwa mjini, halikuishauri.

Tuhesabu pia feza. Tuseme mtu anameza komprime 3 kila siku, na kila moja ni franga 200. Ni franga 600 kwa siku, 18 000 kwa mwezi wa siku 30, na 219 000 kwa mwaka. Kila mmoja aweke bei ya soko lake, kisha ajiulize: feza hii ingenunua majembe mangapi, mipini mingapi, siku ngapi za kulipa msaidizi?

Kama umekwisha kuzoea

Kuna wanachama wanaosoma hapa huku kasashe iko mfukoni. Hatuwalaumu. Tunawaomba jambo moja: musitupe vidonge leo jioni na kuacha kwa mara moja. Kwa tramadoli, kuacha ghafla kunatesa na watu wengi wanarudia. Kwa deksametazoni iliyotumiwa muda mrefu, kuacha ghafla ni hatari kabisa, kwa sababu mwili umesahau kutengeneza kitu kile wenyewe, na mtu anaweza kuzimia hata kufa. Inafaa kupunguza kidogo kidogo, na muganga ndiye anapanga hatua.

Nenda kwenye kituo cha afya ukiwa na vidonge vyenyewe ao pakiti. Sema ukweli tatu: unameza vipi, vingapi kwa siku, na tangu lini. Sema pia kama unakunywa pombe, kama uko na presha, sukari, ao mimba. Usione haya. Papa mmoja wa kahawa kando ya ziwa Kivu alituambia alificha tramadoli yake kwa bibi yake mwaka mzima, hata feza ya kahawa ikawa inapungua bila mtu kujua inakwenda wapi. Siku alipoongea, bibi yake ndiye aliyekubali kuchunga vidonge na kumpa kimoja kimoja namna muganga alivyoandika. Ilichukua muda. Alirudi nyuma mara moja, kisha akaendelea. Leo anapunguza miti ya kahawa yake mwenyewe, anapumzika anapochoka, na mgongo ungali unamwuma siku zingine. Lakini anasema: "Inauma, lakini mimi njo namuchunga, haiko yeye ananichunga."

Ukiwa na vidonge nyumbani, viweke mbali na watoto. Jelule moja ya tramadoli inayomtosha mtu mzima inaweza kumwua mtoto.

Alama za kwenda kwa muganga bila kungoja

Tumbo: choo cheusi kama lami, kutapika damu ao kitu kinachofanana na kahawa iliyosagwa, maumivu makali ya tumbo ya ghafla. Hapo simamisha diklofenaki na jamaa yake, na uende hospitali siku ile ile.

Mgongo na miguu: mguu unapoteza nguvu, ganzi kati ya mapaja, mkojo ao choo kinatoka bila kujua ao mkojo unakataa kutoka. Hii haingoji kesho.

Mwili mzima: homa, kukonda bila sababu, jasho la usiku, kikohozi cha wiki mbili na zaidi pamoja na mgongo kuuma. Kifua kikuu hakikai kwenye mapafu tu, kinaweza kuingia ndani ya mifupa ya mgongo na kuuvunja. Dawa zake zinatolewa bure, na zinaponesha. Tumekwisha kusikia watu waliomeza diklofenaki mwaka mzima juu ya ugonjwa ambao hauwezi kupona kwa diklofenaki.

Kisha kuanguka kutoka mtini ao kwenye pikipiki, ao kama mgongo unauma zaidi usiku ukiwa umelala kuliko ukiwa kazini, nenda pia ukapimwe.

Kazi yetu: kupunguza mzigo

Hapa tunarudi kwenye upande tunaoujua.

Mpini. Kwa kupalilia, tengeneza jembe jepesi lenye mpini mrefu: ukisimama wima, mpini ufike karibu na kifua. Jembe fupi na zito tubakize kwa kuvunja udongo mgumu tu. Siku ya kwanza mpini mrefu unaonekana wa kigeni. Upe wiki mbili.

Mteremko. Ukilima ukitazama juu ya mlima, udongo uko karibu nawe na unainama kidogo. Lakini kila pigo linashusha udongo chini. Ndiyo sababu tunahimiza mistari ya setaria ao tripsakumu yenye kufuata usawa wa mlima: inakamata udongo, na kisha miaka michache inafanya ngazi. Kwenye ngazi hata mgongo unapumzika.

Palizi. Funika udongo kwa majani makavu, kwenye migomba na kahawa zaidi. Magugu yanapungua, maji yanakaa, na siku za kuinama zinapungua.

Maharagi. Maharagi ya kupanda juu ya miti yanavunwa mtu akiwa amesimama, na yanazaa kupita ya chini kwenye kipande kidogo cha shamba. Kazi ya kutafuta miti iko, hatuifichi. Panda miti ya kukata kwenye mipaka ya shamba.

Mzigo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Ulimwenguni lilipendekeza kwamba mwanaume mzima asibebeshwe kupita kilo 55, na wanawake wabebeshwe chini sana ya pale. Kwetu mfuko ni kilo 100 kwa sababu mnunuzi anautaka hivyo. Gawa mfuko katika miwili ya 50, na kwa wamama tugawe tena. Kilo 60 kwa safari mbili za 30 zinachukua muda mrefu zaidi, ni kweli. Lakini siku moja ya kulazwa inachukua safari nyingi zaidi. Kamba ya kipaji inakandamiza shingo. Mzigo ukiwezekana ukae karibu na mgongo, kwa kamba mbili pana za mabegani.

Gurudumu. Wandugu wa Goma na Masisi wanajua chukudu, ile ya mbao. Inashusha mifuko ya viazi ambayo ingehitaji migongo mingi. Mahali njia inaruhusu, chukudu moja ya ushirika inaweza kulipwa na wanachama wote kidogo kidogo.

Kupumzika. Kisha kila nusu saa ya kuinama, simama, weka mikono kiunoni, jinyooshe nyuma polepole mara tano, tembea hatua ishirini, kunywa maji. Badilisha kazi: anayelima asubuhi aketi kuchambua mbegu mchana. Na mgongo ukikamata, usilale kitandani wiki nzima. Kulala sana kunaudhoofisha. Tembea kidogo kila siku, ongeza polepole.

Tunachoomba ushirika wenu uamue

Tunakaribia Septemba na kulima kwa msimu A. Mtu mmoja peke yake hawezi kukataa mfuko wa kilo 100. Atanyimwa kazi, mwingine ataubeba. Lakini ushirika unaweza. Kwa hiyo tunaomba kila komite ilete mambo matatu kwenye mkutano ujao.

Moja, kwenye depo yenu mfuko wa kubebwa na mtu usipite kilo 50, na mwandishi aandike uzito ule kwenye kitabu. Mnunuzi anayetaka 100 aunganishe kwenye gari lake.

Mbili, hakuna tena kugawa vidonge siku ya kazi. Si prezida wa ushirika, si mkubwa wa depo, si sisi ma-agronomu. Mfuko wa pikipiki yetu sasa uko na maji na bendeji tu.

Tatu, mwalikeni muganga wa kituo chenu kwa saa moja. Kila mmoja alete pakiti anazomeza, bila kutaja jina kama hataki, na muganga aeleze kila moja ni ya jamaa gani.

Yule mama wa kilo 60 alirudi kwenye mizani msimu uliofuata. Alileta kilo 25, kijana wake nyuma yake na zingine 25, na maharagi mengine yakafika kesho yake. Wanaume wawili wakamtania kwamba amezeeka. Akawajibu: "Muniache. Njo hizi nitaleta, na kesho nitarudia." Tulimpimia, tukaandika, akaketi chini ya mti, akaomba maji.